Jumamosi Baada ya Misa

Kila asubuhi, kabla hajatia sukari kwenye kahawa, Ovide Guillory alikuwa akimtia hasara wakili mmoja.

Kazi hiyo aliifanya kwenye meza ya dirishani, katika duka la donati la Bi Sopheap, kule kusini mwa Louisiana ambako kimbunga kilipita mwaka juzi na mpaka leo hakijamaliza kuondoka. Anavaa miwani, anatoa simu, anaandika kwa kidole kimoja kinene cha mchomelea vyuma: wakili wa bima ya nyumba. Juu kabisa linatokea tangazo. Savoie na Binti, Mawakili. Tunawapigania waliopigwa na kimbunga. Piga simu sasa. Ovide analibonyeza, inafunguka picha ya mwanamke aliyekunja mikono kifuani, naye anaifunga bila kusoma neno.

"Kula hiyo," anasema. Ndipo anavuta kopo la sukari.

Aliyemfungua macho ni mpwa wake, anayeuza mashuka mtandaoni. Siku ya Pasaka, wakiwa mezani, alimweleza kwamba yale matangazo ya juu si ya bure. Kila anayeligusa tangazo, mwenye tangazo anakatwa pesa, mteja anunue asinunue. Na ya mawakili, akasema, ndiyo ghali kupita yote; mguso mmoja unaweza kumla wakili chakula cha mchana cha meza nzima. Ovide aliacha kutafuna. Tangu amzike Earline, hiyo ndiyo ilikuwa habari ya kwanza kumfurahisha.

Maana na Savoie huyo alikuwa na kisa. Kimbunga kiling'oa nusu ya paa la Ovide. Kampuni ya bima, aliyoilipa tangu akiwa na nywele kichwani, ilimleta kijana wa ukaguzi aliyetembea juu ya paa kama anayeogopa kuchafua viatu, kisha ikatoa pesa za kununulia misumari. Gavana naye alikuja, amevaa mabuti mapya ya mpira, akapigwa picha, akaondoka nayo yakiwa mapya vilevile. Wakubwa wa wilaya wakagawa maturubai ya buluu, wakasema wenyewe kwamba wamefanya kazi kubwa. Chini ya turubai hilo mvua iliendelea kupita, ukungu mweusi ukapanda ukuta wa chumbani, na Earline, ambaye kifua chake hakikuwa kizima tangu utotoni, akaanza kukohoa.

Jumamosi moja, wametoka misa ya jioni, Earline alivua viatu, akakaa kwenye kochi, akamwambia, "Ovide, tafuta wakili. Mimi nataka nyumba yangu ikauke." Akatafuta kwenye simu, akaliona tangazo, akapiga. Ikaita, ikaita, ikaja mashine: acha ujumbe. Ovide hakuwa mtu wa kuzungumza na mashine. Akapiga tena, mashine. Jumamosi iliyofuata, mashine. Majira ya kuvuna mpunga, Earline akazikwa, na nyumba ilikuwa bado haijakauka.

Mwanzoni alibonyeza peke yake. Lakini mpwa wake alimwonya: kampuni ya mtandao si jinga, simu ileile ikigusa tangazo lilelile kila siku, wanaitambua, wanamrudishia mwenye tangazo pesa zake. Basi Ovide akaigawa kazi. Pale mezani hakukosekana mwanamume mwenye turubai juu ya nyumba na donge moyoni. Wakawa wanapokezana, leo simu hizi, kesho zile, na kwa mtandao wakaonekana kama wateja wapya wa kila siku.

"Leo zamu ya nani?" huuliza Curley Breaux, dereva wa lori la kubebea kamba wa baharini, mtu wa maneno.

"Yako, na ya Wilmer hapo."

"Mimi nilibonyeza jana. Kidole kimeota sugu."

"Wewe sugu unayo kwenye ulimi."

Jambo moja tu hawakulitania. Sheria ilimpa mtu miaka miwili tangu kimbunga kuishtaki kampuni ya bima. Ikipita, kwisha, hata paa likikuangukia kichwani. Kwa Ovide muda huo ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi. Curley alishamshauri achukue wakili mwingine.

"Wote ni walewale," Ovide alimjibu. "Wenye bima, wenye ofisi, wenye serikali. Wanakula sahani moja."

"Kwa hiyo nyumba ya Earline uiache ioze?"

Ovide alinyoosha mkono akachukua sukari, na siku hiyo aliitia mara mbili bila kujua.

Asubuhi moja ya Alhamisi kengele ya mlango ililia, akaingia mwanamke wa kwenye picha. Mikono hakuikunja, alikuwa amebeba sahani ya boudin, zile soseji za wali, bado zinafuka moshi.

"Habari za asubuhi, wazee wangu," akasema. "Naitwa Elodie Savoie. Mimi ni wakili."

Curley alipaliwa na kahawa. Wilmer aliifunika simu yake kwa kofia.

"Nitasema kilichonileta, ingawa naona aibu kidogo," mwanamke akaendelea, akiweka sahani katikati ya meza. "Natangaza mtandaoni. Kampuni inayonitangazia hunionyesha wanaonitafuta wako upande gani na ni saa ngapi. Sasa, karibu wote ni wa mtaa huu, alfajiri, na saa hiyo kilicho wazi ni duka hili tu. Kila siku ya Mungu. Lakini hakuna anayenipigia simu, hata mmoja! Nikajiuliza, watu hawa wana shida kubwa kiasi gani, wanitafute kila siku halafu waogope kupiga? Usingizi ukanipaa. Nikasema kama wao hawawezi kuja, nitakwenda mimi."

Nyuma ya kaunta Bi Sopheap aligeukia ukuta, mabega yakimtetemeka.

"Kweli kabisa, binti," akasema Curley, sura imekaza. "Watu wa hapa waoga mno."

"Nyamaza, Curley," akasema Ovide. Akaisukuma sahani kando. "Hatukuogopi. Tunakuadhibu. Tunabonyeza ili ukatwe pesa. Niliyewafundisha ni mimi."

Mwanamke aliwatazama mmoja baada ya mwingine, kama anayengoja mtu aseme ni utani. Wilmer akainamisha kichwa. Hapo akaelewa, na uso ukamwiva.

"Mnajua mmenifanya nini nyinyi? Pesa ya matangazo ya siku nzima inaisha kabla maduka hayajafunguliwa! Mtu mwenye shida ya kweli akinitafuta mchana, hanioni. Anawaona wale wakubwa wa Houston, kule Texas, wenye mabango kila njia panda, wasiojua hata kwetu kunakaa wapi. Kesho nilikuwa niyaondoe matangazo yote, nimwambie na karani wangu asirudi."

"Vizuri," akasema Ovide.

"Vizuri? Mzee, mimi nimekukosea nini? Hunijui!"

"Nilikupigia."

"Lini?"

"Jumamosi. Baada ya misa. Na Jumamosi ya pili yake."

"Jumamosi ofisi inafungwa..."

"Tangazo lako halikufungwa!" Ovide alipiga meza, vikombe vikaruka. "Lilisema piga simu sasa. Sasa! Mke wangu amekaa hapo kwenye kochi, anakohoa, ananitazama mdomoni ajue nimeambiwa nini. Nimwambie nini, nimeambiwa na mashine? Unaita watu kwako halafu unafunga mlango, unakwenda zako. Na unalipa pesa kuwaita! Akili gani hiyo?"

Mwanamke alivuta kiti, akakaa.

"Anaitwa nani mkeo?"

"Earline. Alikuwa anaitwa."

"Poleni sana, mzee."

Akaokota chembe za sukari mezani kwa ncha ya kidole. Alipozungumza, alikuwa kama anayesema na nafsi yake.

"Baba hakuwahi kulipia tangazo maisha yake yote."

"Theogene Savoie?" Wilmer akainua kichwa. "Angelipia la nini? Si alikuwa anasimama pale nje ya kanisa, kando ya sanamu ya Bikira, kofia mkononi. Watu wanatoka misa, wanamfuata. Ndugu yangu alitolewa jela palepale, kwa maneno tu."

"Jumamosi jioni," akasema mwanamke.

"Jumamosi jioni. Mtu ametubu, ametulia, mkewe yuko ubavuni. Mambo ya nyumba yanaamuliwa saa ngapi nyingine?"

"Nilikuwa namngoja garini, nimenuna kwa njaa." Aliangua kicheko kifupi kisicho na furaha. "Nimewalipa wataalamu kutoka mjini. Wamenipangia matangazo usiku na mchana, siku saba. Saa tisa usiku namwambia mtu piga simu sasa wakati mimi nimelala. Na ile saa ya baba, saa ambayo kwetu watu wanaitafuta kweli, nimeikabidhi mashine. Tena kwa mkono wangu."

Akatoa simu yake, akaanza kuyapanga upya matangazo yake huku wote wakichungulia. Saa ambazo hakuna mtu ofisini, alizizima. Jumamosi jioni aliipa pesa nyingi kuliko siku nyingine zote. Houston na miji ya mbali akaifuta, tangazo lisionyeshwe tena huko.

"Binti, na mimi nina langu," akasema Curley, akijihudumia boudin. "Juzi niliandika 'vichekesho vya mawakili wezi'. Tangazo lako likatokea la kwanza."

"Ukaligusa?"

"Si ilikuwa zamu yangu!"

Meza nzima iliangua kicheko, na mwanamke naye akashindwa kujizuia. Maneno hayo akayapiga marufuku palepale, tangazo lisitokee tena kwa anayeyaandika: vichekesho, wezi, na mengine ambayo Curley alikiri kuyaandika baada ya kubembelezwa.

Ovide peke yake hakucheka. Mwanamke akamgeukia.

"Madai yako ya bima yana muda gani?"

"Mwisho wa mwezi."

"Bado unatosha. Nipe hiyo kesi."

"Sikupi kitu. Nyinyi wakubwa mnajua sana kuahidi mbele za watu. Hata gavana aliahidi."

"Sawa. Usinipe leo." Akasimama, akachukua mkoba. "Jumamosi, ukitoka misa, tafuta kama ulivyotafuta siku ile, upige. Nisipopokea mimi mwenyewe, bonyezeni mpaka nifilisike."

"Na mpaka Jumamosi?" akauliza Curley.

"Jizuieni, kama mnaweza."

Kesho yake mezani mikono haikujua pa kukaa. "Sasa tufanye nini?" Curley akalalamika. Ovide akamwambia anywe kahawa yake, ndiyo kazi ya dukani.

Jumamosi hakusikia neno la mahubiri. Alirudi nyumbani akiwa bado amevaa koti la kanisani, akakaa kwenye kochi, upande wake, ule wa Earline akiuacha kama ulivyo. Nje upepo ulikuwa ukilipigapiga turubai. Akavaa miwani, akaandika maneno yaleyale. Tangazo likatokea, lakini limebadilika.

Savoie na Binti. Paa bado linavuja? Jumamosi baada ya misa anapokea mtu, si mashine.

Ovide alilisoma lote, mara ya kwanza tangu alijue. Kidole kilisita juu yake. Safari hii aliona haya kidogo kwamba mguso huo nao una bei. Akabonyeza, akapiga.

Laini ilikuwa inatumika.

Akangoja, akapiga tena. Bado inatumika. Akahisi ile hasira yake ya zamani ikipanda mgongoni, na karibu aipokee kwa furaha, maana alishaizoea. "Umeona?" akaliambia kochi. "Umeona, Earline? Nilikwambia mimi." Akavua miwani. Akaitupa simu juu ya mto, akaenda jikoni kupasha kahawa, akiwalaani wote kwa majina, kuanzia kijana wa bima mpaka bunge zima.

Simu ikalia. Aliiacha ilie, kisha akarudi mbio, mbio za mzee, akigonga goti kwenye meza.

"Nani?"

"Naitwa Elodie Savoie, wakili. Naona namba hii imenipigia mara mbili, ikanikosa. Unisamehe, nilikuwa na mama mmoja wa kando ya mto, paa lake limeanguka lote. Tangu misa iishe simu haijakaa chini. Nikusaidie nini?"

Ovide alisimama katikati ya chumba, koti la kanisani mwilini, simu sikioni. Hakuwa ameandaa neno hata moja. Alikuwa ameandaa matusi tu.

"Wewe ndiye binti wa boudin?"

"Mzee Guillory?"

"Ni paa," akasema. "Ni paa la Earline. Muda ni mwisho wa mwezi."

"Najua. Jumatatu asubuhi nakuja na mjenzi wangu, apande juu aone mwenyewe kabla sijaandika mashtaka. Lakini kwanza nieleze, tangu siku ya kimbunga. Sina haraka."

Ovide akakaa. Hakutazama alipokaa, na alipotazama akajikuta upande wa Earline, ambako kochi lilikuwa bado lina shimo lake dogo. Hakuhama.

"Ni hadithi ndefu," akasema. "Naweza kuanza na gavana?"

"Anza na paa, mzee. Gavana tutamfikia."