Koti Jeupe Kwenye Mfuko wa Sokoni

Niko mwaka wa pili wa mafunzo ya upasuaji, na mshahara wangu ukiingia asubuhi, jioni umeshaniaga. Koti jeupe nalificha kwenye mfuko wa sokoni, maana mwenye nyumba wangu akisikia "daktari" tu, kodi itapaa. Nilimwambia mimi ni fundi cherehani.

Jana nikaletewa mgonjwa mwenye jipu kwenye makalio. Akageuza shingo kunitazama. Mwenye nyumba!

"Mama wee! Fundi cherehani ndiye anipasue?"

"Mimi ni daktari, mzee."

Hofu ikamtoka, macho yakamng'aa. "Kumbe! Basi ile kodi..."

Nikainua kisu. "Tuanze na ganzi, mzee, au tuanze na kodi?"

Akaficha uso kwenye mto. "Kodi gani tena, mwanangu?"