Ukuta wa Nyuma

Fundi seremala hakuwahi kung'oa msumari alioupigilia kwa mkono wake mwenyewe, na hilo alilitangaza hata pasipo kuulizwa. Basi alipojenga chumba cha wageni pale shambani, na mkewe akamwambia dirisha litazame bondeni, alicheka mpaka akakaa chini.

"Mama watoto, mtu atoke mjini kote huko aje kuangalia bonde? Si atakufa na upweke! Tumwekee barabara, aone magari yakipita."

Dirisha likatazama barabara. Nyuma ukabaki ukuta mzima wa mbao, na kamba ya kuanikia nguo.

Mgeni wao wa kwanza alikuwa muuguzi, binti wa rafiki wa mkewe, aliyepewa likizo baada ya kuelemewa na kazi za wodini. Mkewe alimngoja kwa hamu kama anayengoja mjukuu. Shuka alizifua mara mbili. Alfajiri ya pili, jua halijachomoza, mgeni akatoka na begi begani.

"Shikamoo, baba. Mnisamehe, naondoka na gari la kwanza. Malori yamenguruma usiku kucha, sijapata hata lepe la usingizi. Bora nirudi nyumbani."

"Marahaba, mwanangu," fundi akajibu. Jikoni mkewe alikuwa amewapa mgongo, anakoroga chai ambayo hata sukari hajatia.

Muuguzi akazunguka nyuma kuchukua taulo lake kwenye kamba. Akakawia kurudi. Fundi akamfuata, akidhani ameanguka.

Alimkuta amesimama, taulo mkononi, mdomo wazi. Bonde lilikuwa limejaa ukungu hadi ukingoni, kama sufuria ya maziwa yanayokaribia kufurika. Jua likachomoza, na ukungu ukaanza kujivuta, taratibu, kana kwamba hauna haraka na mtu. Vikaonekana vilele vya miti, kisha mto, kisha ng'ombe wawili wadogo kama punje, na kengele ya mmoja wao ikawafikia waziwazi. Miaka thelathini fundi alikuwa akipita hapo macho yakiwa kwenye mbao zake. Aliogopa hata kukohoa.

"Baba," muuguzi akanong'ona, machozi yakimtiririka, "haya yote mlikuwa mnamficha nani?"

Mkewe naye alikuja akasimama kando yao. Hakusema "si nilikwambia." Angesema, fundi angepata pa kubishia.

Ukungu ulipokwisha, fundi aliingia stoo akatoka na nyundo. Akaipachika kwenye msumari wa kwanza wa ukuta wa nyuma, akavuta. Msumari ukalia, ukatoka.

"Weka begi chini, mwanangu," alisema bila kugeuka. "Mbao hizi nakwenda kuzibia lile dirisha la barabarani. Kesho utauangalia ukungu kutoka kitandani."