Baridi Aliyengoja Jembe

Usiku wa kuamkia jana, Bi Twilumba wa Makete aliota miche yake ya nyanya imehamia kitandani.

Alikuwa amelala na uchungu. Septemba inaisha, kipupwe hakijaondoka, na jalidi, ule umande unaoganda alfajiri, imeshaunguza miche yake mara mbili. Hii ya sasa ilitoka kwenye mbegu za mwisho alizobaki nazo.

Sasa miche imejifunika blanketi lake, yeye imemwachia ncha.

"Nendeni bustanini mkaote," anaiambia.

"Tunaota hapa hapa," mche mmoja unajibu. "Nje kuna mtu."

Anafungua mlango wa chumbani, anajikuta katikati ya bustani, nayo bustani ina dari. Kati ya matuta ya maharage, kwenye kiti cha mumewe, ameketi bwana mrefu, mweupe kama unga wa muhogo. Anapuliza chai ya moto mpaka inaganda.

"Habari za asubuhi. Wewe nani?"

"Baridi."

"Umekuja lini?"

"Juni."

"Mbona huondoki?"

Baridi akaweka kikombe chini kwa adabu. "Mama, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sivyo msemavyo?"

"Ndivyo."

"Basi nangoja jembe. Nikiondoka bila kulima, watu watasema sikulelewa."

Twilumba akaona aibu mpaka masikio yakapata moto. Mgeni wa watu hajapewa jembe tangu Juni, na yeye kila asubuhi anamsengenya kwa majirani! Akakimbia kumletea jembe lake mwenyewe.

Baridi akavua koti, akalima. Tuta la kwanza akaanza kutoka jasho. La pili, suruali ikaanza kumvuka, maana alikuwa anapungua. Kila tone la jasho lake lilipodondoka, udongo ulifuka mvuke.

Miche ikachungulia dirishani. "Mwongezee tuta!"

"Nyamazeni," Twilumba akasema. "Ni mgeni, si punda."

Alipofikia kimo cha kuku, Baridi aliegemeza jembe ukutani.

"Naomba ruhusa, mama."

Mgeni haendi mikono mitupu. Twilumba akang'oa kabichi kubwa kuliko yote, akampa. Kabichi likaomba lisubiriwe, likaaga tuta kwa tuta, kisha wakaondoka, kabichi limembeba Baridi mgongoni.

Twilumba aliamka ametota jasho. Jua lilikuwa limejaa chumbani.

"Mama Ahimidiwe!" mumewe aliita kutoka nje. "Njoo uone, nyanya zimenyanyuka! Lakini mwizi kaingia, kang'oa kabichi!"

Akatoka peku. Shimo la kabichi lilikuwa wazi, na ndani yake, jua kali namna ile, palikuwa na jalidi kidogo inayoyeyuka taratibu.

"Si mwizi, Baba Ahimidiwe. Ni mgeni, nilimfungashia."

"Mgeni gani? Kaondoka lini?"

Twilumba akainama, akaitazama jalidi mpaka ikaisha.

"Sasa hivi," akasema.