Mapigo Manane ya Kimya

Ladislaus alikuwa na sauti nzito ya kutingisha viti vya kanisa, ila noti alizitazama kama mbuzi anavyolitazama gazeti: je, linatafunika? Miaka yote aliimba kwa kudandia sauti ya jirani. Sasa mwalimu mpya wa kwaya, Mama Constance, Mkongo mwenye saluni mtaa wa Overport, amesema asiyejua noti haimbi Jumapili. Na Jumapili hiyohiyo Mzee Mwita anakuja kutoka Queensburgh kumkagua kijana anayemtaka binti yake Clara, naye ni Ladislaus huyuhuyu, aliyejitangaza kuwa ndiye nguzo ya besi.

Basi kila akitoka kazini bandarini, Ladislaus alikwenda kukaa katikati ya wanawake wanaosukwa, Mama Constance akigonga mapigo kwa kitana.

"Papa Ladi, hapa umeimba nini?"

"Palikuwa wazi, mama. Nikapajaza."

"Haiko wazi. Hii alama ni kimya, na kimya iko na hesabu yake. Mapigo manane unafunga kinywa."

"Manane? Eish. Hata msibani sijanyamaza hivyo."

Wateja wakacheka mpaka msusi akapoteza njia kichwani mwa mtu.

Jumapili Ladislaus akasimama mbele. Besi ikaanza, ikashuka vizuri, ikafika kwenye kimya, kinanda kikaendelea chenyewe. Akafunga kinywa, akawa anahesabu kwa kidole gumba cha mguu ndani ya kiatu.

Sasa, Mzee Mwita alikulia kwenye kwaya za kwao Tarime, ambako mwimbaji akikwama haachwi aaibike, anapokewa. Alipomwona kijana amekodoa macho, mdomo kimya, akainuka na kumpokea kwa sauti yote aliyopewa na Mungu. Kinamama wakatia vigelegele.

Ladislaus jasho likamtoka. Akimfuata mzee, kwaya hana. Asipomfuata, mke hana. Kidole kikaendelea: sita, saba, nane. Akaingia juu ya pigo lake, barabara. Mzee akaishiwa wimbo, akakaa.

Nje, Mzee Mwita alimngoja mlangoni.

"Kijana, nimekuja kukuokoa, wewe unanitazama tu."

"Shikamoo, baba. Iliandikwa ninyamaze."

"Hata mimi nikiimba peke yangu kama kichaa?"

"Hata hivyo, baba."

Mzee akamgeukia Clara.

"Mwanangu, mwanamume anayenyamaza mpaka zamu yake ifike sijapata kumwona, na nyumbani kwetu ndiyo kabisa, muulize mama yako. Huyu mchukue haraka, kabla hajazoea kuongea."