Mgeni Ni Jina la Mtu

Mimi naitwa Mgeni. Cheka umalize. Jina nilipewa na bibi yangu kule Lamu, na hapa Nairobi limenitesa kuliko kodi ya duka.

Redio Ukumbi ilizaliwa juu ya duka langu la kanga, Mtaa wa Biashara. Chumba kimoja tu: ukutani trei za mayai, dirishani kanga zangu za kuzuia kelele za barabarani. Watangazaji wote walinijua, maana ngazi ilipita mlangoni pangu. Wote isipokuwa Kui, msichana wa Riruta, aliyeajiriwa asubuhi na jioni hiyohiyo akapewa kipindi cha salamu.

Wakati huo nilikuwa nimemposa Laila, binti wa Mzee Taib wa Pumwani, ambaye sasa ni marehemu. Nikajaza kadi ya salamu: Mgeni anamsalimia Laila wa Mzee Taib. Kui akaisoma hewani kwa furaha zake zote: "Kuna mgeni hapa, hakutaja jina, anamsalimia Laila wa Mzee Taib. Haya basi, mgeni njoo, mwenyeji apone!"

Lahaula! Mzee Taib alifura. Mgeni gani huyo anamsalimia binti wa watu redioni, na posa imeshapokelewa? Nusura nirudishiwe posa yangu. Aliyeniokoa ni Laila mwenyewe. Alipiga simu kituoni, Kui akamweka hewani, na mji mzima ukamsikia akifoka: "Mgeni ni jina la mtu, wewe!"

Tulioana. Tangu mtoto wetu Hafiz azaliwe, Laila hakuniita tena kwa jina. Ikawa Baba Hafiz, Baba Hafiz, basi.

Redio nayo ikapata matangazo ya biashara, ikapata pesa, ikahamia Lavington nyuma ya ukuta mrefu, na askari getini wa kukuuliza unamtaka nani. Sisi tukahamia Kabiria. Halafu akili ya mke wangu ikaanza kumtoka, nywele bado nyeusi.

Siku moja nimetoka dukani, akanifungulia mlango kwa adabu zote. "Karibu, mgeni." Wallahi nilifurahi, nikadhani ananiita jina kama zamani. Kisha akaniuliza namtafuta nani. Nilijifungia chooni nikalia, sioni haya kusema. Tangu siku hiyo, kila jioni mimi ni mgeni kwangu.

Mwezi jana wakaiuza Redio Ukumbi. Wanunuzi wanataka mashine ipige muziki peke yake, watangazaji waende nyumbani. Nikaenda Lavington, nikamkuta Kui anatia vitu vyake kwenye katoni, nikampa kadi ya salamu.

"Baba Hafiz, Ijumaa ndiyo mwisho," akaniambia. "Lakini salamu yako nitasoma poa, jina mpaka ukoo."

"La. Isome kama ile ya kwanza."

"Ai! Hiyo makosa imefanya nichekwe miaka yote hii, na unataka niage watu nayo?"

"Nataka mke wangu anijue, Kui. Hata mara moja tu." Kui akaiweka katoni chini, akanishika mkono.

Ijumaa jioni nilikaa sebuleni kwenye kiti cha wageni, maana ndipo Laila aliponikaribisha. Yeye alikuwa anakunja kanga, anazikunjua, anazikunja tena. Nikaongeza sauti ya redio.

"Wapenzi wasikilizaji, salamu yangu ya mwisho," Kui akasema, na nilisikia anajikaza. "Kuna mgeni hapa, hakutaja jina, anamsalimia Laila wa Mzee Taib. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Mikono ya Laila ikasimama. Akakunja uso.

"Huyu msichana ana wazimu?" akafoka. "Mgeni ni jina la mtu!" Akanigeukia, macho makali, macho yake yaleyale. "Na wewe Baba Hafiz umekaa tu unatazama? Wapigie!"

Nikapiga. Kui akapokea hewani. "Haloo, naongea na nani?"

"Na Mgeni," nikasema. "Mume wa Laila."

"Sema kwa nguvu," Laila akanihimiza nyuma yangu, "baba asikie."

Nikasema kwa nguvu.