Jina Kwenye Marejeo

Kinda alikuwa kitindamimba, na dada yake ndiye aliyemlea. Figo zilipomlaza hospitalini, kilichomuuma kuliko sindano ni programu yake ya kompyuta. Aliiandika mwenyewe, ya kuhesabu vijidudu vya damu kwenye picha za hadubini. Watafiti chungu nzima waliitumia, lakini kumtaja aliyeiandika kukawashinda. Wengine waliweka kiungo cha tovuti iliyokwisha kufungwa, wengine hata hicho hawakuweka. Shukrani ya punda ni mateke, na wasomi nao, tuwaache tu.

"Dada, mimi sina mtoto," alisema siku moja. "Hiyo ndiyo itakayobaki na jina langu."

"Nyamaza wewe. Nani kasema unakwenda popote?"

Lakini dada, naye mtafiti, alishakata shauri. Makala yake, iliyoitumia programu ile, ilikaribia kutoka. Safari hii programu ingewekwa kwenye hifadhi ya mtandaoni na kupewa kitambulisho cha kudumu, yaani namba ambayo hata tovuti zihame vipi, ukiibofya inakufikisha palepale. Kisha ingeingia kwenye marejeo kama kinavyoingia kitabu. Aliipakia kwa akaunti yake, macho mazito kwa kukesha wodini. Namba ilipotoka aliikagua tarakimu kwa tarakimu, akanakili rejeo zima kama hifadhi ilivyoliandika na kulibandika mwisho wa makala.

Makala ilipochapishwa alikimbilia wodini, simu mkononi. "Soma mwenyewe, bwana mkubwa!"

Kinda alisoma polepole, midomo ikicheza. Tabasamu likafifia. Akamrudishia simu.

"Hongera, dada."

"Hongera ya nini tena?"

Akatazama. Namba ilikuwa sahihi. Penye mwandishi wa programu palikuwa na jina lake yeye, dada. Hifadhi ile humweka mwenye akaunti kuwa mwandishi mpaka mtu ambadilishe, na yeye hakubadilisha.

"Haki ya Mungu sikuona, Kinda. Inajaza yenyewe. Nitarekebisha leo leo."

"Najua, dada. Umechoka. Nenda kalale."

Akageukia ukutani.

Kule hifadhini alirekebisha jioni ileile. Makala ndiyo iliyokuwa na mlolongo: barua kwa mhariri, kamati ikae, tangazo la masahihisho liandaliwe. Dada alipiga simu mpaka mhariri akachoka kupokea. Kinda hakungoja.

Masahihisho yalitoka wageni wa msiba wakiwa bado sebuleni. Jina lake lilikaa sawasawa, na namba ilifunguka bila shida. Wenzake wa kazini walimpa dada pole na hongera kwa mpigo mmoja. Aliwaitikia, akaenda chumbani, akafunga mlango na kulia kama mtoto. Angetoa makala zake zote, na majina yote yaliyomo, mtu amwambie kama mdogo wake alimwamini siku ile.