Vizibo Viwili kwa Bomba

Munira binti Kheri alirudi Sumbawanga na shahada ya kompyuta, na baba yake, muuza vipuri vya malori, akamwachia stoo ya matairi nyuma ya duka afanyie hayo mambo yake. Miezi minane msichana alijifungia humo akimfundisha Mshauri. Huyo Mshauri hakuwa mtu, ilikuwa programu ya akili mnemba ndani ya simu. Ukimuuliza habari za mahindi alikueleza udongo, mvua, masoko na historia ya mahindi tangu yalipotoka ng'ambo, na ukimpa nafasi alikutungia na shairi juu yake. Alikuwa na jibu la kila kitu. Kasoro yake ilikuwa moja tu: hakuna aliyemuuliza.

Hilo Munira alilijua kwa kuchelewa. Mwezi wa kumi na moja alikipelekea simu kikundi cha wakulima wa kijiji cha Pito, wengi wao akina mama wa mahindi na ulezi, akawaonyesha Mshauri anavyozungumza, kisha akawasomea karatasi ya maswali: je, wamempenda? Alipomaliza, walichutama wote wakapiga makofi ya taratibu, viganja vimekunjwa kidogo. Munira alitoka pale kichwa kimemvimba. Akawaandikia wafadhili wa Dodoma kwamba wakulima wameupokea mradi kwa makofi, nao wakajibu kuwa watakuja mwezi wa pili kujionea. Wakiridhika, wangeugharamia miaka miwili. Wasiporidhika, stoo ingerudishiwa matairi yake.

Wiki ya sita akafungua kumbukumbu za maswali. Yalikuwa manne, na matatu kati ya hayo yaliuliza matokeo ya mpira.

"Lakini walinipigia makofi!" alimlalamikia mama yake.

Bi Mwasiti aliacha kuchambua mchele, akacheka mpaka akafuta machozi. "Wewe si umezaliwa mji huu huu? Mfipa akikupigia makofi anakuamkia. Anakuheshimu, basi. Hata ungewapelekea jiwe wangekupigia, maana umewafikia mgeni."

Munira aliona haya mpaka masikio yakamchoma. Kesho yake asubuhi alipanda pikipiki kwenda Pito, safari hii bila karatasi ya maswali. Alimkuta mwenyekiti wa kikundi, Mama Cornelia, mjane wa miaka sitini hivi, yuko shambani anapalilia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu sana. Kile chombo chako ni kizuri mno," alijibu mama, kabla hata hajaulizwa.

"Leo sikuja kwa ajili ya chombo, mama. Nimekuja kulima."

Mama Cornelia alimtazama viatu, akameza alichotaka kusema, akampa jembe. Ilikuwa Januari, na upepo wa Ufipa ulikuwa baridi ingawa jua lilikuwa juu. Nusu saa haikupita, mtoto wa dukani ana malengelenge. Mahindi yenyewe yalitia huruma, viwavijeshi walikuwa wameyatoboa mpaka moyoni.

Saa nne Mama Cornelia alienda ukingoni mwa shamba, akachukua bomba la kupulizia na chupa ya dawa. Akaigeuza chupa. Akaisogeza mbali na macho, akairudisha karibu. Kisha akakaa chini, ameipakata.

"Vipi, mama?"

"Anayenisomea ni mkamwana wangu, Epifania. Kaenda Mtowisa kumuuguza mama yake, na haya maandishi ni kama mayai ya chawa, tena ya Kiingereza." Aliitikisa chupa. "Mwaka jana nilikisia kwa kizibo cha soda, nikaunguza karibu shamba zima. Sasa naogopa kupuliza, na kuacha naogopa vilevile."

"Mbona hukumuuliza Mshauri?"

"Yule anayejua mvua za dunia nzima? Nimsumbue kwa kizibo?"

Maneno hayo yalimwingia Munira. Miezi yote minane hakuwa amemuuliza mtu yeyote ni nini kinamsumbua. Alichouliza ni kama chombo chake kinapendeza, na watu wenye adabu walimjibu kwa adabu.

Alipiga picha ile chupa, akampa Mshauri kazi. Mshauri alianza na asili ya viwavijeshi, akapitia utunzaji wa mazingira, na mwisho, kwa sauti ya mtu asiye na shaka, akatamka mililita mia kwa bomba moja.

"Hivyo ni vizibo vingapi?" aliuliza mama, akamimina cha kwanza kikajaa.

Munira aliipokea chupa ajihakikishie. Akafuta tope kwa kidole. Akasoma.

"Mama, usimwage! Ni kumi! Si mia, ni kumi!"

Tope lilikuwa limeifunika namba, na Mshauri, ambaye hakuwahi kufundishwa kusema sijui, alikuwa amejitungia yake. Kizibo kimoja kilikuwa mililita tano. Vizibo ishirini vingelimaliza shamba lote.

"Nisamehe, mama. Kimekudanganya. Mimi ndiye niliyekidanganyisha."

Mama Cornelia hakukasirika. "Haya, kumi ni vizibo vingapi?"

"Viwili."

"Leo umenisomea wewe. Kesho je?"

Munira aliondoka na swali hilo. Alirudi mjini, na kwa wiki tatu alimpunguza Mshauri kipande kwa kipande. Masoko yakaenda, historia ikaenda, shairi likaenda. Iliuma, tusidanganyane. Kikabaki kitu kimoja: unapiga picha chupa, kinakusomea kwa sauti, kwa Kiswahili, kilichoandikwa na kukuhesabia vizibo. Kisipoona, kinasema, "Sioni vizuri. Safisha chupa, piga picha tena. Usipulize bado." Alikijaribu kwa chupa zenye tope, zilizochubuka, zilizofunikwa na dole gumba, na kila Jumamosi alikipeleka Pito akakaa pembeni, kimya, akitazama watu wanakwama wapi. Mwisho akakiweka kwenye simu ya kikundi.

Wafadhili wakaja. Bwana mmoja mwenye koti zuri alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo kinasoma chupa tu?"

"Kinasoma chupa tu."

"Na ile akili yote ya mwanzo?"

"Hakuna aliyeihitaji."

Jibu lao lilifika Jumatatu asubuhi: mradi ni mdogo mno. Munira alilia kidogo, akanawa uso, akamwambia baba yake alete matairi. Mzee Kheri alianza kuyabeba. Alikuwa anaingiza la tatu simu ilipolia. Ilikuwa Mama Cornelia, na hakusubiri kuamkiwa.

"Wewe mtoto una akili kweli? Simu moja kwa kikundi kizima? Mwenzetu Rafaeli kaichukua tangu juzi, kahamia nayo shambani kwake, na bomba langu limekaa na maji tangu alfajiri! Na hiyo sauti, upepo ukivuma hatusikii kitu. Na dawa za kuku je, mbona haizisomi? Njoo leo, si kesho!"

Munira alijaribu kusema shikamoo mara mbili, hakupewa nafasi. Kwa muda wote aliowajua watu wa Pito, hii ilikuwa mara ya kwanza mmoja wao kumgombeza, na ilimfurahisha kuliko yale makofi. Alimzuia baba yake kwa mkono, akavuta kalamu.

"Anza tena, mama," alisema. "Naandika."